Kamba ya Nyuma ya Nyumba

Watu wakiniuliza kwa nini Futi hazai, huwa nawauliza na wao wanakula nini kinachowaachia nafasi ya kuuliza. Wanacheka, wanasema mama huyu mkali. Ni kweli, mimi mkali. Nimeshona makochi tangu binti yangu wa kwanza akiwa ananyonya, na leo naye ananyonyesha wa kwake, na sijaona bado mwanamke aliyesaidika kwa kuulizwa habari za tumbo lake njiani, mfuko wa vitunguu mkononi.

Futi si jina lake. Tulimpa sisi karakanani, kwa sababu tangu siku ya kwanza alivaa futi ya kupimia shingoni na hakuivua hata wakati wa kula. Fundi mkuu alimtania kwamba siku atakayoolewa ataipima pete kwanza. Akaolewa, na futi haikutoka shingoni.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu. Mlangoni kuna fremu za mbao na misumari, katikati kuna sponji na madebe ya gundi, na mwisho kabisa, penye dirisha, kuna meza ya kukatia. Mimi nakaa na cherehani yangu pembeni ya meza hiyo, kwa hiyo nayaona yote. Anayeshika mkasi pale ndiye anayeamua maua ya kitambaa yakutane vipi kwenye kona ya kochi, na akikosea hakuna cherehani itakayomwokoa. Fundi mkuu hampi mtu mkasi mpaka amalize miaka miwili ya kushikilia kitambaa, kuchora kwa chaki na kutazama. Futi alikuwa anaumaliza mwaka wa kwanza. Fundi mkuu si mtu wa kusifu, ila siku moja alimwambia, "Binti, una jicho. Ukitulia, meza hii ni yako."

Ukitulia. Kila mtu alijua maana yake. Karakana ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: gundi na tumbo havikai chumba kimoja. Gundi ile hata mimi hunizungusha kichwa. Mwanamke akishika mimba anatolewa nje uani, anafumua makochi ya zamani mpaka siku zake zikaribie, na akirudi anaanza upya kwenye foleni ya meza. Hakuna aliyeiona ni sheria mbaya. Imewekwa kwa huruma, na huruma huwezi kuigombania.

Basi Futi alitaka mwaka mmoja tu. Si kwamba hakupenda watoto. Wa kwangu aliwabeba mgongoni kama wake. Alitaka mkasi kwanza, mtoto baadaye, na akaniomba nimsindikize kliniki kwa sababu aliona aibu kwenda peke yake.

Nesi alikuwa mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitandika mezani kila njia ya kuzuia mimba aliyokuwa nayo, akaeleza taratibu, tena vizuri. Mimi nilidhani Futi angeuliza kipi kinaumiza, kipi kinanenepesha. Hakuuliza hata moja. Alikuwa anatembea nyumbani kwake kichwani, chumba kwa chumba.

"Vidonge nitaviweka wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Kabati anapanga mama mkwe. Mkoba wangu wifi anauazima kila akienda chuo."

"Kijiti?" nikamwambia. "Kinakaa mkononi, unasahau."

"Mume wangu analalia mkono huu huu, dada. Kila siku. Atakipapasa kabla kidonda hakijapona."

Kitanzi alisikia kwamba mwanamume anakigusa. Nesi akamwambia si hivyo, akaeleza tena, lakini neno lililotangulia kuingia sikioni halitoki kwa maelezo. Kondomu alishaitaja nyumbani mara moja, mumewe akacheka akamuuliza kama yeye ni mpita njia. Mumewe ni fundi wa vigae, mtu mwema kabisa, hana mkono mwepesi wala mdomo mchafu. Kasoro yake ni kwamba hana pa kuwekea siri. Ukimwambia jambo asubuhi, kabla chai haijapoa mama yake analo.

Ikabaki sindano, ile ya kila miezi mitatu. Inaingia, inakwisha, hakuna wa kuiona. Nesi akasema, "Huenda ukakaa bila kuona siku zako. Usiogope, si ugonjwa." Futi akanigeukia akitabasamu. "Na kufua kutapungua," akasema. Tukacheka sote watatu. Hakuna kati yetu aliyeikumbuka kamba.

Nyuma ya nyumba yao kuna kamba ya kuanikia nguo, kutoka dirisha la jikoni mpaka mlango wa choo. Mama mkwe wake ndiye anayefua nguo za nyumba nzima, kwa sababu hamwamini mtu na sabuni yake. Pedi za dukani hakuzipenda, alisema zinaunguza, kwa hiyo wanawake wa nyumba ile walitumia vitambaa, na vitambaa vilianikwa kwenye kamba hiyo, chini ya shuka, ili wapita njia wasione. Wapita njia kweli hawakuona. Lakini mama mkwe aliijua miezi ya kila mwanamke nyumbani kwake kama mwenye duka anavyojua siku ya kuja kwa gari la sukari.

Mwezi wa kwanza vitambaa vya Futi vilikuwa vichache. Baada ya sindano ya pili havikuwepo kabisa. Mama mkwe akasubiri mwezi mwingine. Alipoona shuka imeanikwa na chini yake hamna kitu, akavaa gauni lake la kutokea, akachukua chupa ya maziwa ya moto, akaja karakanani.

Namkumbuka alivyosimama mlangoni, amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, hajui pa kukanyaga kwa sababu ya misumari. Futi alikuwa ameinama mezani na chaki mkononi, anachora kitambaa cha mkono wa kulia wa kochi.

"Fundi, nimekuja kukushukuru kwa kumlea mwanangu," mama mkwe akasema. "Na nimekuja kukuomba. Umtoe kwenye hiyo gundi. Ana mgeni."

Karakana nzima ikapiga vigelegele. Fundi mkuu akavua kofia. Mimi nikamtazama Futi, naye akaitazama chaki. Nilingoja aseme kitu. Mama mkwe alishamfikia, ameshamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtoka, anasema, "Ulikuwa unanificha mimi? Mimi mama yako?"

Jioni ile ile kiti cha Futi kilihamishiwa uani, na kochi kuukuu likawekwa mbele yake alifumue.

Nilimfuata huko nikiwa nimefura.

"Sema si mimba," nikamwambia.

"Nikisema si mimba ataniuliza siku zangu zimekwenda wapi. Nimwambie zimesafiri?"

"Mwambie unaumwa."

"Atanipeleka hospitali mwenyewe, mkono kwa mkono mpaka kwa daktari. Unamjua, dada."

"Basi mwambie mumeo ukweli, akusaidie."

Akachomoa msumari, akautupa koponi. "Nikimwambia mume wangu nimemwambia mama mkwe, ila kwa njia ndefu."

"Kwani akijua atakufanya nini?"

Akachomoa msumari wa pili. "Hatanifanya kitu," akasema. "Atalia tu. Halafu hataniita mwanangu tena."

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, nasi tunaoshona usufi tunajua ulivyo mwepesi ukiwa begani kwa mtu mwingine.

Tarehe ya sindano iliyofuata ilipita. Asingeweza kwenda. Mama mkwe hakumwachia njia, alimsindikiza kazini asubuhi, akamfuata jioni, akimkwepesha kila jiwe. Alikuwa ameanza kufuma soksi ndogo za njano. Futi alinionyesha moja, akaificha haraka kama mtu aliyeiokota.

Halafu siku moja damu ikarudi, kidogo kidogo, kama nesi alivyosema inaweza kurudi. Futi aliamka mapema, akafua kitambaa chake mwenyewe, na kwa mazoea, mikono ikifanya inachokijua wakati kichwa kiko mbali, akakianika kwenye kamba ya nyuma, chini ya shuka.

Mama mkwe aliinua shuka.

Majirani walisikia kilio kile wakadhani kuna msiba. Na kweli ulikuwepo, kwa mama yule. Aliingia chumbani kwa Futi, akakaa sakafuni, akamshika miguu. Futi hakusema uongo hata mmoja siku hiyo. Hakuachiwa nafasi. Mama mkwe aliuliza na kujibu mwenyewe, akamlaumu yule jirani mwenye jicho baya, akaulaumu ugumu wa kiti cha uani, akajilaumu yeye kwa soksi alizofuma mapema. Kitu kimoja tu alikisubiria jibu. Aliuliza kama kulikuwa na chochote cha kuzika.

"Hapana, mama," Futi akasema.

Akamfulia vitambaa vyake wiki nzima, hakumruhusu kugusa maji baridi. Akamsimulia habari ambayo hata mwanawe wa kiume hakuwahi kuambiwa, kwamba na yeye alipoteza wawili kabla yake, na kwamba wa pili alikuwa na nywele. Futi alinisimulia hayo mwenyewe.

"Dada, angenitukana ningejua la kufanya," akasema. "Amenifulia."

Mama mkwe alitaka wampeleke hospitali. Futi akaomba aende na mimi, na tukarudi kwa nesi yule yule mwenye uzi kwenye miwani. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akaivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akamwambia tunaweza kuanza tena, kwa njia ile au nyingine, na kama tatizo ni kamba basi atumie kitanzi, ambacho hakizuii siku zake. Maneno ya akili kabisa.

"Sitaki kitu," Futi akasema. "Nataka nimpe mama yule mtoto aliyemlilia."

"Sawa. Ila nisikilize vizuri," nesi akamwambia. "Waliochoma sindano huwa wanachelewa kushika. Miezi mingi, wengine hata mwaka na zaidi. Kizazi chako ni kizima. Usije ukasikiliza maneno ya mtaani."

Futi akaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi ukiwa kliniki.

Karakanani tulimpokea kwa pole. Fundi mkuu alimpa kiti chake mwenyewe akalie. Lakini mkasi ulikwisha kupewa fundi mwingine, mwanamume mwenye mkono mzito aliyekata maua ya kitambaa yakakutana vichwa chini, nami nikalazimika kuyashona hivyo hivyo. Futi alipoomba angalau arudi kushikilia kitambaa, fundi mkuu alitikisa kichwa kwa huzuni. "Wewe sasa ni wa kuangaliwa, binti. Ushike tena, ujifungue salama, halafu tutazungumza." Basi akarudi uani, tumbo tupu, anaadhibiwa kwa mimba mbili ambazo hazikuwepo, iliyopita na ijayo.

Mwezi ukaja na vitambaa kwenye kamba. Mwingine ukaja navyo. Sasa mama mkwe alipoinua shuka alikuwa anaomba asikute kitu, na anakikuta. Majirani wakaanza. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja, na walilolisema ni kwamba gundi ya makochi imemuunguza kizazi. Jioni moja mumewe akaja karakanani na vumbi la vigae kwenye nyusi, akasimama mbele ya fundi mkuu kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mama amesema apumzike nyumbani," akasema. Futi akainuka, akatupa misumari yake koponi, akaondoka. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia aiache.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kutoka kinywani mwake.

Yule wifi anayeazima mkoba ni mdogo wa mwisho wa mumewe. Alikuwa anasomea ufundi umeme, msichana pekee darasani, amebakiza muhula mmoja, na nyumba nzima ilikuwa inajivunia taa ya uani aliyoifunga mwenyewe. Siku moja walikuwa wawili kwenye kamba, wanaanua nguo. Wifi akazungukazunguka, kisha akasema ana mtu wake, na hataki mambo yaharibike kabla hajamaliza chuo.

"Wifi, eti sindano inakata siku kabisa?" akauliza. "Na eti ukizoea, kizazi kinakufa?"

Futi alikuwa ameshika kitambaa chake mwenyewe, cha mwezi ule, kimekauka.

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia sijui. Nilimwambia asichome."

"Futi! Nesi alikwambia nini mbele yangu?"

"Aliniambia mwaka, dada. Mwaka unakwisha." Alisema bila hasira. "Mimi mwenyewe sijui tena nani mkweli. Na ningemwambia nimejuaje? Angeniuliza, wewe ulichoma lini?"

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuwa anamdanganya wifi yake. Alikuwa ameamini. Msichana aliyekuwa na jicho la kuona kosa la nusu kidole kwenye kitambaa, alikuwa ameyasikia maneno ya kamba ile mara nyingi mno.

Wifi akaenda kuuliza wenzake chuoni, wakamfundisha kuhesabu siku kwa vidole, kila mmoja na hesabu yake. Akahesabu. Haukupita muda, vitambaa vyake vikakosekana chini ya shuka, na safari hii mama mkwe hakuvaa gauni la kutokea.

Hayo yote Futi alinisimulia Jumapili moja, karakana imefungwa. Alinikuta nimekuja kumalizia mito ya mteja mkorofi. Alibisha, nikamfungulia. Alikuwa amekonda, na nikafurahi kumwona, nikamwambia fundi mkuu amechoka na yule wa maua vichwa chini, arudi akaongee naye.

"Siwezi sasa hivi," akasema. "Nina mimba."

Nikamrukia kumkumbatia. Hakunyanyua mikono.

"Mama mkwe ameamua," akasema. "Wifi amepelekwa jana kwa shangazi yake, mbali. Atajifungulia huko. Mtoto akija atakuwa wangu, ili wifi arudi chuo na nyumba isichekwe. Mume wangu amekubali, ni mdogo wake. Na mimi je, dada? Mtu asiyeshika mimba atakataaje kupewa mtoto?"

"Na wifi mwenyewe?"

"Ameniomba kwa magoti."

Nikakaa kwenye debe la gundi. Nilimuuliza kitu cha kwanza kilichonijia, na nilikiuliza kwa ukali, kwa sababu ndivyo nilivyo nikiogopa. "Nesi alisema mwili utarudi. Je, ukirudi katikati ya mambo haya? Ukishika kweli?"

Futi akacheka, kicheko chake kile cha zamani. "Nitasema ni mapacha."

Kisha akaniomba kipande cha sponji. Mama mkwe alishaanza kuwaambia majirani, na majirani wana macho. Alitaka iliyo laini, ile ya kuegemea mgongo, kwa sababu ngumu haikunjiki mtu akikaa. Nikamletea. Nililia wakati wa kuichagua, nikiwa nimemgeuzia mgongo, na sikuona haya.

Alipogeuka hakwenda uani. Alikwenda mwisho wa chumba, penye dirisha, akaitandika sponji kwenye meza ya kukatia. Akavua futi shingoni. Akajipima kiuno, akapima kutoka chini ya matiti kwenda chini, akachora kwa chaki mstari wa duara bila kuinua mkono. Mkasi wa fundi mkuu ulikuwa umetundikwa msumarini, akaushusha kama mtu aliyeushusha kila siku ya maisha yake.

"Dada, wewe umezaa wanne," akasema. "Mwezi wa tano unakuwaje?"

Nikanyanyua mikono yangu, nikamwonyesha hewani, hivi. Akatazama kwa makini, akapunguza chaki kidogo upande wa chini, akakata. Kingo zote alizilaza kwa mshazari ili zisionekane chini ya gauni. Niliugeuza ule mduara mikononi nikitafuta kosa, kwa sababu kutafuta kosa ndiyo kazi yangu, na sikuliona.